Kusafisha Mwili: Kutoka kwa Wayogi wa India hadi Minada ya Bariadi

Msimu wa kupulizia pamba ukifika mkoani Simiyu, maziwa hugeuka dawa. Mkulima anarudi kutoka shambani jioni, bomba la kupulizia likiwa mgongoni na shati limelowa kiuadudu kuanzia mabegani, na kitu cha kwanza anachoomba ni bilauri ya maziwa ili yamsafishe sumu. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba Tanzania, kwa hiyo bilauri hizo ni nyingi. Tatizo ni kwamba kiuadudu humwingia mpuliziaji zaidi kupitia ngozi na pumzi, na huko maziwa hayafiki. Sumu za kundi la oganofosfeti huzuia kimeng'enya kinachotuliza mawasiliano ya mishipa ya fahamu: mate yanamtoka mtu, jasho linamtiririka, mboni za macho zinasinyaa, kifua kinajaa. Hospitalini hutibiwa kwa atropini. Nyumbani, jambo la kwanza ni kuvua nguo zile na kuoga kwa maji mengi na sabuni. Maziwa hayamo katika orodha hiyo.

Bado imani iliyomo ndani ya bilauri ile haistahili kudharauliwa. Inasema kwamba uchafu huingia mwilini, na kilichoingia kinaweza kuoshwa kikatoka. Watu wa mataifa mengi wameiamini kwa karne nyingi, na wapo walioitungia elimu kamili. Miongoni mwao wayogi wa India ndio waliokwenda mbali zaidi. Kuwaelewa wao kunasaidia kupima kinachouzwa leo kwenye minada ya Bariadi, Maswa na Mwanhuzi, mkoani Simiyu, kwa jina la dawa ya kusafisha mwili.

Kitabu kinachojulikana zaidi katika fani hiyo ni Hatha Yoga Pradipika, kilichoandikwa na Svatmarama katika karne ya 15. Ndani yake mna matendo sita ya usafi: dhauti, basti, neti, trataka, nauli na kapalabhati. Trataka ni kukazia macho kitu kidogo bila kupepesa mpaka machozi yatoke. Nauli ni kuzungusha misuli ya tumbo kutoka upande hadi upande. Kapalabhati ni kupumua kwa nguvu na haraka, na kitabu chenyewe kinaifananisha pumzi hiyo na mivukuto ya mhunzi. Haya matatu hayamwingizi mtu chochote mwilini. Matatu yaliyobaki ndiyo yanayomshangaza msomaji.

Katika dhauti, yogi huchukua kitambaa chembamba chenye upana wa vidole vinne na urefu wa mikono 15, hukilowesha, kisha hukimeza kidogo kidogo, akibakiza ncha moja nje, na baadaye hukivuta taratibu kikiwa kimebeba ute wa tumboni. Hafiki urefu huo siku ya kwanza. Huanza na kipande kifupi na kuongeza siku hadi siku, mwalimu akiwa pembeni. Katika neti, uzi laini hupitishwa puani na kutolewa mdomoni. Siku hizi wengi hutumia birika dogo la maji ya chumvi, yanayomiminwa tundu moja la pua na kutokea la pili. Basti nayo hufanyika ndani ya maji. Mtu huchuchumaa mpaka maji yamfike kitovuni, akiwa na mwanzi mfupi sehemu ya haja kubwa, halafu huyavuta maji ndani kwa nguvu ya misuli ya tumbo, huyatikisa na kuyaachia.

Kuvuta maji ndani bila pampu kulionekana kama hadithi, mpaka mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alipoanzisha kituo cha Kaivalyadhama huko Lonavla, magharibi mwa India, na kuanza kuyapima mambo haya kwa vyombo vya maabara na eksirei. Aligundua kwamba yogi anapofanya nauli, shinikizo ndani ya utumbo mpana hushuka chini ya shinikizo la hewa ya nje. Maji hupanda kwa sababu hiyo. Ugunduzi huo aliupa jina la mwalimu wake, Madhavadas. Huo ni mfano mzuri wa elimu ya jadi inayokubali kuwekwa mezani na kupimwa, na ungestahili kuigwa na kila anayejivunia dawa za mababu.

Lakini wauzaji wa leo huruka jambo moja ambalo Svatmarama hakuliruka. Anasema matendo sita yanamfaa mtu mwenye mafuta na kohozi kupita kiasi. Wengine hawana haja nayo. Mbele kidogo anataja kwamba wapo walimu waliofundisha kuwa mazoezi ya pumzi peke yake yanatosha. Lengo pia lilikuwa tofauti na linalotangazwa sasa. Yogi alitaka kufungua njia 72,000 ambamo, kwa itikadi yake, nguvu ya uhai hupita, ili akae na pumzi na kutafakari. Usafi ulikuwa maandalizi. Hakuahidiwa kupungua kilo tano kwa wiki, wala kupona kisukari.

Huku Usukumani, Simiyu ikiwemo, nako mambo yalikuwa na utaratibu. Dawa ni bugota, na anayeijua ni nfumu. Aliyehisi kalishwa kitu kibaya alitapishwa. Aliyefunga choo aliharishwa. Mtoto tumbo likimjaa alipigwa bomba, yaani aliingiziwa dawa ya maji kwa njia ya haja kubwa, kama inavyofanyika sehemu nyingi za Afrika kwa kibuyu chenye shingo ndefu na, siku hizi, kwa kibofu cha mpira. Mwenye homa na mafua alifunikwa blanketi juu ya chungu cha majani yanayochemka. Aliyeandamwa na mikosi aliogeshwa dawa, kwa sababu si kila uchafu ulihesabiwa kuwa wa tumboni. Mwingine ulihusu masamva, mizimu ya ukoo, na huo ulikuwa na ibada zake. Mti kama mlundalunda, wenye maua ya njano na maganda marefu yanayoning'inia, ulijulikana kwa mizizi na magome yake kuwa dawa ya tumbo. Nfumu ndiye aliyejua kiasi gani kinachemshwa na kwa muda gani.

Kwenye Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, nyumba ya mganga imejengwa pamoja na nyumba ya mhunzi na majengo ya watemi na ya ngoma. Mganga alikuwa na nyumba, na nyumba ilikuwa na majirani. Dawa yake ikimdhuru mtu, ukoo ulijua mlango wa kubisha.

Mnadani hakuna mlango. Turubai limetandazwa, spika inapiga kelele juu ya pikipiki, na chupa za plastiki zilizokuwa za maji ya kunywa zimejazwa kimiminika cha kahawia. Pembeni kuna unga ndani ya vifuko vya nailoni vilivyofungwa fundo. Mama anasogea na kikapu chake, na muuzaji anamwahi: "Mayu, tumbo lako limebeba uchafu wa miaka kumi! Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, halafu utaona mwenyewe kitakachotoka." Na kweli ataona. Siku ya pili ataharisha majimaji yenye mabonge ya ute, na ataamini kwamba ndio ule uchafu wa miaka kumi. Ukweli ni kwamba ute huo umetengenezwa usiku ule ule. Utumbo ukikerwa hutoa ute mwingi ili kujilinda. Dawa imezalisha ushahidi wake yenyewe, na mama analipia chupa ya pili.

Imani ya uchafu uliogandana tumboni kwa miaka si ya Wasukuma peke yao. Mwanzoni mwa karne iliyopita madaktari wakubwa wa Ulaya na Marekani walifundisha kwamba kinyesi kinachokaa tumboni huutia mwili sumu. John Harvey Kellogg alikuwa na mashine za kuosha utumbo katika hospitali yake ya Battle Creek. Daktari wa upasuaji wa London, William Arbuthnot Lane, alifika hatua ya kuwakata wagonjwa utumbo mpana. Mwaka 1919 Walter Alvarez alichapisha hoja iliyotikisa nadharia hiyo: watu waliojazwa pamba kwenye njia ya haja kubwa walipata kichwa kuuma na uchovu ule ule unaodaiwa kuletwa na sumu, na dalili ziliondoka mara tu pamba ilipotolewa. Sumu isingeisha kwenye damu kwa dakika chache. Kilichowasumbua ni kutanuka kwa utumbo na ujumbe unaopita kwenye mishipa ya fahamu.

Fiziolojia ya kawaida inaiunga mkono hoja hiyo. Ngozi ya ndani ya utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache, kwa hiyo hakuna tabaka linaloweza kung'ang'ania hapo kwa miaka. Figo mbili huchuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku na kurudisha karibu yote mwilini, zikibakiza lita moja au mbili za mkojo zilizobeba taka. Ini hupokea zaidi ya lita moja ya damu kila dakika, na dawa, pombe na taka za chakula hubadilishwa humo kabla ya kutolewa. Kazi hii haisimami usiku wala mchana. Anayetaka kuisaidia atafaidika zaidi kwa kunywa maji safi, kudhibiti presha na kisukari, na kuacha kumeza dawa za maumivu kiholela, kuliko kwa kuharisha kila mwisho wa mwezi.

Hii haina maana kwamba dawa za kuharishia ni uongo. Zinafanya kazi, na nyingine zinafanya kazi kwa namna inayoeleweka vizuri kabisa. Sanamaki ina kemikali zinazopita tumboni bila kubadilika mpaka zifike utumbo mpana, ambako bakteria huzivunja na kuziamsha. Ndiyo maana anayeinywa usiku huenda chooni asubuhi. Imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Haluli huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza kwenye utumbo. Mafuta ya nyonyo, au mbarika, hutoa asidi ambayo, kama watafiti walivyoonyesha mwaka 2012, hugusa vipokezi vilivyomo kwenye misuli ya utumbo na vilevile kwenye misuli ya mji wa mimba. Ugunduzi huo ulieleza kile wakunga wa jadi walichokijua siku nyingi, kwamba nyonyo inaweza kuanzisha uchungu. Mjamzito anayeinywa ili kusafisha tumbo anacheza na mimba yake.

Na mbegu za mnyonyo zina risini, sumu kali mno. Mafuta yaliyokamuliwa na kuandaliwa ipasavyo hayana risini hiyo, ila unga wa mbegu zilizotwangwa unayo. Mnunuzi hawezi kujua kwa kuangalia kama ndani ya kifuko cha nailoni mna magome, mizizi au mbegu.

Shubiri nayo ina habari yake. Utomvu wake wa manjano unaharisha kwa nguvu, na mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliuondoa katika dawa za kuharishia zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa sababu watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Bado shubiri ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kutajwa mtu akiuliza dawa ya kusafisha damu. Afrika Kusini, ambako dawa za kuingiza kwa bomba zimechunguzwa kwa muda mrefu, madaktari wameandika juu ya wagonjwa waliopoteza figo baada ya kupigwa bomba lenye potasiamu daikromati, kemikali ya viwandani iliyochanganywa na dawa za asili. Wapo pia walioharibika ini kwa mzizi uitwao impila. Utumbo mpana hufyonza haraka. Kinachowekwa huko kinaingia kwenye damu, wakati mwingine kwa kasi kuliko kilichomezwa.

Kwa upande wa pua, yoga imeshinda. Kuosha pua kwa maji ya chumvi kumechunguzwa kwa wagonjwa wa sainasi na mzio, na mapitio ya tafiti yameona nafuu fulani, ingawa ushahidi wenyewe si mzito. Waislamu wa Bariadi hawahitaji kuhubiriwa kuhusu jambo hili, maana huvuta maji puani mara tatu katika kila udhu. Hatari ipo kwenye maji yenyewe. Mwaka 2011 watu wawili wa jimbo la Louisiana nchini Marekani walikufa baada ya kuosha pua kwa birika la neti lililojazwa maji ya bomba yenye ameba iitwayo Naegleria fowleri, ambayo hupanda kutoka puani hadi kwenye ubongo. Karachi, Pakistani, kumetokea vifo vilivyohusishwa na maji ya kutawadha. Ameba huyo hupenda maji yasiyo ya chumvi yaliyopata joto. Kwa mwenyeji wa Simiyu anayechota lamboni au kisimani, kanuni ni moja: maji ya kuosha ndani ya pua yachemshwe kwa dakika moja kamili na yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa kitiwe katika nusu lita.

Kujifukiza kulipata umaarufu wa kitaifa mwaka 2020, Rais John Magufuli alipowahimiza wananchi kufanya hivyo dhidi ya korona, na "kupiga nyungu" kukawa maneno ya kila siku. Mei mwaka huo Waziri Palamagamba Kabudi alirudi kutoka Madagaska na shehena ya dawa ya mitishamba ya huko, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu nayo ikatengeneza dawa yake, NIMRCAF. Mvuke hulainisha kamasi, na mwenye mafua huhisi kweli amefunguka. Lakini jasho linalomtoka ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa sana. Kirusi kilichokwisha kuingia ndani ya seli hakitoki nalo. Na chungu kinachotokota chini ya blanketi, pamoja na mtoto aliyekalishwa mapajani, ni ajali inayosubiri kutokea.

Kiu ya kupata kinywaji kimoja kinachomaliza yote si ngeni kanda hii. Mwaka 2011, ng'ambo ya Serengeti kutoka Bariadi, maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kilitokana na mti wa mugariga. Walikuwepo wenye kisukari na wenye virusi vya UKIMWI, na baadhi yao waliacha dawa za hospitali. Gharama kubwa ya kikombe kile ilikuwa vidonge vilivyoachwa nyumbani.

Gharama hiyo ya kuacha tiba ya kweli ndiyo inayostahili kuchambuliwa zaidi, kwa sababu Simiyu kweli ina vitu vinavyotakiwa kutoka mwilini mwa watu. Kimoja ni kichocho. Mabuu yake hutoka kwenye konokono wa malambo na madimbwi ya mvua, hupenya ngozi ya mtoto anayechota maji au kuchunga ng'ombe, na kukua kuwa minyoo wanaoishi ndani ya mishipa ya damu. Maeneo ya ndani ya mkoa, kama Maswa na Itilima, husumbuliwa na kichocho cha mkojo, ambacho minyoo yake hukaa kuzunguka kibofu. Upande wa ziwa, Busega, kile cha tumbo kina nafasi yake. Haluli haiwezi kuwafikia minyoo waliomo kwenye mshipa wa damu, hata mtu aharishe wiki nzima. Prazikwanteli huwafikia, kwa dozi inayopimwa kulingana na uzito au urefu wa mtoto, na hugawiwa shuleni. Mzazi anayemzuia mwanawe kumeza kidonge hicho kwa hofu ya kichefuchefu, kisha akamnunulia unga wa mnadani, ameacha dawa inayosafisha kweli.

Kingine ni floridi. Visima vya baadhi ya maeneo ya Meatu vina madini hayo kwa wingi, na meno ya kahawia ya watoto hutangaza habari hiyo kila wanapocheka. Floridi hujijenga ndani ya meno na mifupa. Hakuna chai, mvuke wala bomba linaloweza kuiosha humo. Kinga yake ni kubadilisha chanzo cha maji. Ndiyo maana mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika miji ya Simiyu, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinisha mwaka 2017, ni mpango wa usafi wa miili ya watu zaidi kuliko kitu chochote kinachouzwa kwenye chupa, ingawa hautangazwi kwa jina hilo. Kuhusu viuadudu, Meatu ina jibu lake la miaka mingi: tangu mwaka 1994 mradi wa bioRe, wenye makao Mwamishali, umekuwa ukifanya kazi na wakulima wa pamba ya kilimo hai, wanaopanda alizeti katikati ya pamba ili wadudu wavutwe huko badala ya kupuliziwa sumu.

Sheria haijalala. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa zao, na halmashauri zina waratibu wa tiba asili. Muhimbili ilianza kuchunguza mimea ya dawa tangu mwaka 1974. Kinachopungua ni masharti ya dawa kumfuata mgonjwa mpaka mnadani. Nfumu alimwambia mgonjwa masharti hayo ana kwa ana. Svatmarama aliyaandika ndani ya beti zake. Chupa ya turubaini haina hata jina la mti.

Basi anayeuziwa dawa ya kusafisha mwili ana haki ya kuuliza mambo manne kabla ya kufungua pochi: imetokana na mti gani, kiasi gani kwa umri gani, nani haruhusiwi kuitumia, na namba ya usajili ya muuzaji ni ipi. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa figo, anayetumia vidonge vya presha vya kupunguza maji, na mtoto mdogo wasiinywe bila ushauri wa mtaalamu. Mtoto akianza kuharisha baada ya kunyweshwa, apewe maji ya ORS, aendelee kunyonya kama bado ananyonya, na apelekwe zahanati siku hiyo hiyo pamoja na chupa yenyewe, ili mganga wa zamu ajue anapambana na nini.